Ukoka Mlangoni kwa Mama Gloria

Malambo, Bariadi
10 Novemba 2024

Mwanangu Gloria,

Mwangaluka. Juzi nilikata simu haraka, lakini haikuwa hasira. Jambo likiwa zito napenda kuliandika, na barua hii ni yako peke yako. Ya mama yako iko kwenye bahasha nyingine. Nimemwambia kondakta Sylvester akukabidhi zote ofisini kwako, asizipeleke nyumbani.

Umeniambia daktari ameridhika na nyonga ya mama yako. Chuma kimekaa vizuri na atatembea, ila hatakiwi kuinama tena: asifue kwenye beseni, asishike jembe, asishike ufagio. Na umeniambia kwamba tangu asikie hayo anasema atabaki Mwanza kwako moja kwa moja. "Mwanamke asiyeweza kufagia uwanja wake anarudi kufanya nini?" Maneno hayo hayajaniacha.

Wewe umezaliwa katika nyumba hii, unaujua ule uwanja. Kabla mtu hajautia mguu, mama yako alikuwa ameshaufagia kutoka mlangoni hadi kwenye uzio wa minyaa, na mistari ya ufagio ilibaki chini imelala kama misuko ya nywele. Mgeni wa kwanza alikuwa anaona aibu kukanyaga. Kwetu hapa mtu haulizi nyumba ni ya nani, anatazama uwanja.

Sasa nimeamua kuufanya uwanja usihitaji ufagio. Nitapanda ukoka, nyasi fupi kama zile za mbele ya ofisi za serikali, ili Pasaka mama yako akirudi asikute kazi inayomsubiri na kumsuta.

Nikueleze na sababu nyingine, maana najua utasema mzee amezeeka. Ufagio hauondoi takataka tu. Kila asubuhi unachukua vumbi kidogo, na vumbi hilo ndilo udongo wenyewe. Nenda nyuma ya jiko ukatazame: mawe ya msingi yamejitokeza kama meno yaliyoachwa na fizi. Mvua ikinyesha, maji hayana cha kuyashika, yanakimbilia ukutani. Nyasi zitaushika udongo. Nilifundisha habari hiyo ya mmomonyoko miaka mingi, nikaenda nyumbani kila jioni nikipita juu yake.

Usimwambie mama yako. Nataka aone kwa macho.

Baba yako,
Anatoli Masalu


Mwanza
17 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Mama anatembea na fremu mpaka kibarazani na kurudi, na anamsema vibaya fundi wa mazoezi kila anapomwinua mguu, kwa hiyo ujue anapona.

Barua yako nilicheka nikiisoma, halafu nikaogopa. Baba, nyasi? Mlangoni kwa mama? Umesahau anavyosema tukipita kwenye nyumba yenye nyasi mbele: "Hapa mwenyewe amekufa, au amehama, au mkewe hana adabu." Wewe utamwandalia zawadi, yeye ataona kaburi.

Mweleze mapema. Mwambie tu, "Mama Gloria, nakutaka nyumbani, ufagio si sharti." Maneno hayo yanatosha kwenye karatasi nusu. Lakini nakujua. Utaeleza mbolea, utaeleza mteremko, na hilo moja utaliacha.

Sitamwambia, kwa kuwa umeniomba. Ila akiniuliza uso kwa uso, sijui kudanganya.

Mwanao,
Gloria


Malambo, Bariadi
1 Desemba 2024

Mama Gloria,

Mwadila. Huku mhola duhu, ni amani tu. Mvua zimeanza kwa kusitasita na watu wa Sapiwi wanapanda pamba. Kuku wako wote wapo, isipokuwa yule jogoo mwenye kiburi; alikuja paroko, ikabidi achinjwe. Jumuiya wanakusalimu. Jirani Ernestina analeta maziwa na maneno. Maziwa yanaisha kwanza.

Uliuliza kuhusu uwanja. Usiwe na wasiwasi. Kila asubuhi niko pale uwanjani. Pengine haujawahi kushughulikiwa hivi.

Fanya mazoezi unayoambiwa. Mfupa unaunga kwa kutumiwa kidogo kidogo. Ukilazwa tu unasahau kazi yake, na ukiharakishwa unagoma. Una mengi ya kufanana na mfupa wako.

Wako,
Baba Gloria


Mwanza
9 Desemba 2024

Baba Gloria,

Barua nimepata. Nimeisoma mbele ya Gloria, akainuka ghafla kwenda kuangalia sufuria iliyokuwa haijabandikwa. Sijui nyinyi wawili mna nini.

Mimi nipo. Nyumba ya mwanao ina vigae mpaka chooni. Kuna dada anayepitisha kitambaa chenye mpini mrefu, amemaliza. Nikimtazama nasikia mikono yangu inawasha. Chakula kizuri, samaki kila siku, ila samaki nao wana mwisho. Nimewaomba michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, na karanga, wakaniletea biskuti.

Umesema kila asubuhi uko uwanjani. Unafanya nini? Wewe hujawahi kushika ufagio, na kama umeushika umeugeuza. Kama umemweka mtu, mwambie aanzie mlangoni aende nje, asilete takataka kwangu. Na asifagie akiwa ameweka mkono mgongoni, huo ni uvivu.

Kuhusu kurudi usiniulize kwanza.

Mama Gloria


Malambo, Bariadi
12 Januari 2025

Mwanangu Gloria,

Ukoka umeshika! Nimetoka kuutazama, nikasahau kuvaa viatu.

Nikueleze nilivyofanya, maana siku moja utakuwa na uwanja wako. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, jembe likirukaruka. Nililowesha jioni, nikachimba asubuhi kwa sululu, kipande kwa kipande. Nikachanganya samadi ya zamani kutoka zizini kwa jirani yetu Mabula. Samadi mpya inaunguza na inaleta magugu. Kisha nikaacha. Hapo ndipo wengi hukosea kwa haraka. Ardhi iliyochimbuliwa inaamsha kila mbegu iliyolala, kwa hiyo unasubiri magugu yaote, unayang'oa, ndipo unasawazisha. Nilivuta ubao kwa kamba kama ng'ombe wa plau, nikiacha mteremko mdogo kutoka ukutani kwenda nje ili maji yaondoke. Ukoka wenyewe nilichukua bondeni Sapiwi. Kila kipande kiwe na vifundo, maana mzizi unatoka kwenye kifundo. Unakilaza kwenye mfereji, unafukia, unaacha ncha ya jani nje ivute pumzi, unakanyaga. Sasa vimerefusha mikono na vinashikana. Natembea juu ya mbao ili nisiviumize.

Mabula alikuja na fimbo yake, akasimama kwenye uzio akitazama kama mtu anayetazama ajali. Ujuavyo ana ng'ombe wengi kule Nkololo, nyasi kwake ni jambo la heshima.

"Mwalimu," akasema, "baba zetu wamekufa wakipigana na ukoka kwenye pamba. Wewe unaulisha mbolea yangu?"

"Huu ni wa uwanjani, Mabula."

"Na ng'ombe wako wapi?"

"Sina ng'ombe."

"Basi utaula mwenyewe. Ukianza kuota pembe uniite, mimi najua kuzikata."

Ernestina naye aliniuliza. Nilimweleza vizuri kuhusu mizizi na maji ya mvua, akaondoka nikiwa katikati ya sentensi.

Kesho kutwa naanza kumwagilia kwa kopo lenye matundu. Mwezi ujao itabidi nikae Ipililo kwa siku kadhaa, kwa arobaini ya shemeji yetu. Nadhani ukoka utaweza kukaa peke yake.

Baba yako,
Anatoli


Mwanza
2 Februari 2025

Mdogo wangu Ernestina,

Mwadila mayu. Nakuandikia jambo ambalo siwezi kulisema kwa simu, maana simu ya Gloria inatangaza kama spika ya mnadani.

Jana katekista Joakim alipita kunisalimia. Akanywa chai, akatoa salamu za jumuiya, kisha akainamisha kichwa kama mtu aliyekuja na taarifa ya msiba. Nikambana. Akasema, "Mama, uwanja wako umeota nyasi. Zimefika mlangoni."

Ernestina, sijalala vizuri tangu hapo. Baba Gloria ananiandikia kwamba kila asubuhi yuko uwanjani. Nadhani anasimama tu. Anatazama nyasi zinavyokuja na hajui aanzie wapi, na kwa kuwa ni mwanaume aliyesoma hawezi kuomba msaada. Au ameshaona mimi sirudi tena, akaiacha nyumba ianze kufa taratibu.

Nakuomba. Mwite Milembe na akina mama wengine wa jumuiya, mwende na majembe siku ambayo hayupo, asije akaona aibu. Ng'oeni zote, mfagie kama mimi. Mwachieni na chakula. Msimsute.

Nitakushukuru maisha yangu yote.

Benedikta


Malambo, Bariadi
13 Februari 2025

Mama Gloria,

Kazi imekwisha! Mwalimu alikwenda arobaini Ipililo, sisi tukaingia asubuhi. Mayu, ulikuwa ukoka mtupu. Umejishika chini kama umepandwa! Milembe alisema hajawahi kuona hata kwenye shamba lililoachwa na marehemu. Tulilima na kukatakata mpaka jua likawa kali, tukaimba, tukalundika yote pale kwenye minyaa yakauke tuchome. Kisha nikafagia mimi mwenyewe, kuanzia mlangoni, bila mkono mgongoni. Umetoka uwanja! Ungeuona ungelia.

Kulikuwa na mbao zimelazwa ovyo ovyo katikati, tumezipanga vizuri nyuma ya jiko. Maskini Mwalimu, nadhani alikuwa anazitumia ili asikanyage nyoka.

Tumemwachia nsansa ya majani ya kunde na michembe.

Mdogo wako,
Ernestina


Malambo, Bariadi
16 Februari 2025

Mama Gloria,

Barua hii ni tofauti na zile nyingine, uisome ukiwa umekaa.

Nimerudi kutoka Ipililo nikakuta uwanja mweupe, mistari ya ufagio kutoka mlangoni hadi kwenye minyaa. Kwa kitambo kidogo nilidhani umerudi. Niliita. Nilisimama mlangoni nikaita jina lako la ujana, lile la Ipililo, na kuku ndio walioniitikia.

Kisha nikaona lundo kwenye uzio, nikaelewa.

Mimi nilikuwa nimepanda ukoka, Mama Gloria. Niliuchimba uwanja wako wote na kuupanda kwa mkono wangu, na nikakuficha. Ulikuwa umeanza kufunga, mtu angeweza kukaa bila mkeka. Jumuiya walikuja kunisaidia wakidhani nimeshindwa na magugu. Wameniachia chakula kizuri. Nimekwenda kuwashukuru, Ernestina akanipiga bega na kusema nisione haya. Nifanye nini? Mtu hawezi kugombana na wema.

Gloria aliniambia mapema kwamba nitaeleza kila kitu isipokuwa jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni hili. Nilisikia kuwa hutarudi kwa sababu huwezi kufagia. Nikaona afadhali uwanja ubadilike kuliko nyumba kukukosa. Sasa uwanja uko kama ulivyouacha, msafi kabisa, na haunifurahishi hata kidogo, maana wewe hupo.

Ukitaka kubaki Mwanza nitakuja huko, ingawa vigae vinanitelezesha. Lakini kama ni ufagio tu ndio unaokuzuia, mimi sikukuoa kwa ajili ya ufagio.

Wako,
Anatoli


Mwanza
20 Februari 2025

Baba Gloria,

Nimesoma nikiwa nimekaa, nikasoma tena nikiwa nimesimama, bila fremu.

Niliyewatuma ni mimi. Ernestina hana kosa. Joakim alinitisha, nikaandika barua, wakaja na majembe. Nimemharibia kazi mtu anayenipenda, tena kwa mikono ya jumuiya ya Mtakatifu Anna. Gloria amecheka mpaka ameshika ukuta. Mimi sikucheka hadi usiku, nilipoirudia barua ya Ernestina nikafika pale anaposema mbao zako zilikuwa za kukwepa nyoka.

Nikuambie nami. Sikuogopa nyasi. Nilidhani umeshazoea kuishi bila mimi, ndiyo maana umeacha mlango uote nyasi. Nikakaa huku kwenye vigae nikiomboleza nyumba yangu, na wewe ulikuwa umepiga magoti uwanjani unanitandikia.

Lile lundo lisichomwe. Mwambie Ernestina leo hii, usiandike, nenda kwa miguu.

Panda tena. Ila sikiliza, maana uwanja bado ni wangu. Mbele ya mlango nataka udongo, upana wa mkeka, kuanzia kizingitini hadi jikoni. Hapo patafagiwa kila asubuhi kama kawaida. Mgeni ajue kuwa nyasi zile zimewekwa na watu walio hai.

Nani atafagia, tutaongea nikifika.

Benedikta wako wa Ipililo


Malambo, Bariadi
9 Machi 2025

Mama Gloria,

Wabeja sana, nashukuru. Barua yako niliipata bondeni kwenye bomba la maji, nikaondoka nikaacha ndoo.

Lundo lilikuwa zima. Mvua ilinyesha juu yake kabla halijakauka, na chini lilikuwa limeanza kutoa vichipukizi vyeupe. Tena wale akina mama waliukatakata kwa majembe, na ukoka ukikatwa haufi, kila kifundo kinajihesabu kuwa mmea. Ndiyo maana unawatesa wakulima wa pamba. Mimi nilikuwa nimepanda vipande virefu kwa uchoyo. Wao wameniandalia vifupi, vingi kuliko nilivyokuwa navyo.

Nilimsomea Ernestina sehemu ya barua yako, ile isiyo na aibu. Aliweka mikono kichwani. "Mwalimu! Nilikuuliza ni za nini, ukaniambia habari za mizizi!" Siku ya pili walirudi wote, Milembe mbele, wakapanda wakiimba wimbo ule ule waliouimba wakiung'oa. Mkeka wako wa udongo tumeupima kwa mkeka wenyewe.

Mabula alikuja akasimama mahali pake kwenye uzio. Nikamweleza ni kwa ajili ya nani. Akakasirika. "Kwa hiyo ni ngitili ya Mama Gloria? Mwalimu, ungetamka neno hilo tangu mwanzo, nani angeingiza jembe?" Ameahidi kumchapa mbuzi yeyote atakayeingia, wa kwake kwanza.

Ngitili unaijua, lakini vumilia nieleze. Ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua, kila kitu kingine kikiwa kijani, ili kiangazi kikija ng'ombe wasio na nguvu ya kwenda mbali wakute chakula karibu na nyumbani. Watu hawaigusi, si kwa sababu ya uzio, maana mara nyingi hauna, bali kwa sababu wanajua imewekewa nani. Nilieleza udongo, maji na vifundo, lakini sikusema imewekewa nani.

Njoo kabla ya Pasaka.

Anatoli


Malambo, Bariadi
27 Aprili 2025

Mwanangu Gloria,

Nimefika salama, kama Sylvester alivyokuambia. Alinishusha kwenye basi kama yai.

Baba yako hakunieleza vizuri. Ameandika kurasa na kurasa, hakuniambia kuwa ukoka ukilaliwa unanukia. Ukoka haujafunga kote. Kona ya kwa Ernestina ina vipara, na baba yako anaomba radhi kwa kila mgeni na kumweleza chanzo chake. Lakini katikati unaweza kuweka mguu mtupu na mguu ukashukuru. Nimewekewa kiti pale. Mabula alipita, akasalimia, akataka kukatisha kwenda mlangoni. Nikamwambia, "Baba, viatu!" Akavua. Yule mtu hajavua viatu hata kanisani. Akanitazama na kusema kumbe ng'ombe dhaifu wa ngitili ana pembe. Nikamwuliza baba yako ni nani aliyeniita ng'ombe, akaenda kuangalia sufuria. Sasa najua umejifunza wapi.

Uliniuliza kwenye simu kama nimeshazoea, na nilishindwa kujibu kwa sababu alikuwa karibu. Nikujibu hapa.

Asubuhi ya kwanza niliamka kwa mazoea, saa ile ile, nikasahau nyonga. Nikasikia ufagio nje. Nikadhani ni Ernestina amekuja, nikaona aibu nikiwa bado kitandani. Nikachukua fremu, nikafungua mlango.

Alikuwa baba yako, ameinama na suruali yake ya shule, anafagia ule mkeka wa udongo. Mlango ulipolia akaruka kama mwizi, akatazama barabarani kama kuna mwanaume mwenzake anayepita. Wakati huo Mabula alikuwa anapitisha ng'ombe. Wakaangaliana. Mabula akainua fimbo kumsalimu, akaendelea na safari yake, hakusema neno. Kwa Mabula hilo ni jambo kubwa.

Anafagia vibaya, Gloria. Ameweka mkono mgongoni. Anaanzia nje anakuja mlangoni, takataka zote kwangu. Mistari yake imepindapinda, na mahali pengine ameruka kabisa.

Nikaenda nikakaa kwenye kiti changu, nikavua kandambili, nikaweka miguu kwenye ukoka uliokuwa bado na umande. Nikakaa nikimtazama mpaka akamaliza. Akanyooka kwa shida, akauliza kama inafaa.

Nikamwambia, "Baba Gloria, umeruka pale."

Akarudi akafagia pale.

Mama yako,
Benedikta